Funguo Kumi na Moja

Mchungaji Morag amenikabidhi funguo kumi na moja
na kikaratasi: *Ijumaa, saa moja jioni, vijana.*
Ufunguo wa jiko haufungui jiko.

Mpaka juzi nilikuwa mtu wa kinanda,
mgongo kwa waumini, kazi yangu kuitikia.
Leo Dundee mvua inapiga kwa ubavu
na watoto tisa wananikodolea macho
kama nimekalia kiti cha mtu.
"Euan alikuwa akituletea keki," asema Isla.
Mimi nimeleta somo, kurasa nne.

Ukurasa wa pili, kimpira cha pingpong
kikaviringika chini ya kabati.
Tukapiga magoti wote, kukitafuta.
Ndiyo magoti pekee yaliyopigwa usiku ule.

Saa tatu wakachukuliwa. Akabaki Fraser,
mama yake zamu hospitali.
Tukakaa ngazini, makoti vichwani.

"Na wewe huwa unaogopa?"

Maneno yote ya semina yakanikimbia.
"Leo tu," nikasema. "Tangu saa kumi alfajiri."

Akacheka. Akanipokonya funguo,
akazijaribu moja moja kwenye mlango mkubwa,
baridi ikitutoka puani kama moshi.

Ule wa jiko ndio uliofunga.