Chumba cha Kulia

Kiswahili hakikuamua: chumba cha kulia
ni cha kulia chakula, au cha kulia machozi?
Mwenye duka pale Majengo hakuwa na muda na swali langu.
Alinitandazia kadi ya rangi juu ya kaunta,
vijivu kumi na vinne, kila kimoja na namba yake kama mfungwa,
akaenda kumpimia mtu misumari.

Vijivu kumi na vinne!
Nami nimekua nikikijua kimoja tu:
kile cha alfajiri, jikoni kwa mama, Mvumi,
mafiga yamelala, jivu limeyafunika;
ukilipuliza, chini yake jicho jekundu.

Nikanunua vikopo vitatu vya kujaribia.
Fundi Ndahani akapaka miraba mitatu ukutani,
akarudi nyuma hatua mbili, mikono kiunoni.
"Dada, huu wa kwanza ni punda.
Wa pili ni punda aliyenyeshewa.
Wa tatu," akasita, "wa tatu ni punda wa serikali."
Chilongani akacheka hadi akakaa juu ya mfuko wa saruji.
Yeye anataka nyeupe. Siku zote anataka nyeupe,
na siku zote si yeye anayefuta.
Vumbi la Ilazo halibishi hodi:
Agosti ikifika, unaandika jina lako mezani kwa kidole
kabla chai haijapoa.

Nimeishi na miraba ile siku tano.
Saa moja asubuhi, wa kwanza ni njiwa.
Saa sita, jua likigonga bati la jirani na kuturudia dirishani,
yote mitatu ni maziwa yaliyochacha.
Jioni wa pili unaingia ubuluu, kidogo tu,
kama mshipa kwenye kiwiko cha mtoto.
Umeme ukikatika hakuna kijivu.
Kuna ukuta.

Na ukuta huu ulikuwa na kijivu chake.
Plasta mbichi, Juni ya mwaka juzi,
madirisha bado matundu, upepo unaingia na kutoka,
na baba amekufa bila kuiona sakafu.
Huu ndio upande pekee uliokuwa na bati,
kwa hiyo wanawake walitandika mikeka hapa.
Tulilia hapa kabla hatujala hapa.
Waliegemea plasta usiku tatu; walipoinuka kwenda zao
kanga zao zilikuwa na unga wa saruji mabegani.

Sikumwambia fundi. Fundi analipwa kwa siku.

Jumamosi mama akashuka na basi la saa nne,
debe la uwele, kifurushi cha mlenda mkavu.
Akaitazama miraba. Akauliza bei.
Nikamtajia.
Akanyamaza kidogo, kwa heshima ya mkopo wetu, kisha:
"Moto huzaa majivu, hilo tulilijua.
Kwamba majivu yanauzwa kwa lita,
ndiyo kwanza nasikia."

Usiku akasonga ugali wa uwele.
Akamega tonge, akainuka nalo, akalisogeza ukutani
kwenye mraba wa kwanza, wa pili, wa tatu,
kama fundi cherehani anayetafutia kitambaa uzi.
Halikufanana na wowote.
Lilikuwa na ukijani kwa mbali, udongo kwa mbali,
na mvuke, ambao haumo kwenye kadi.
"Basi chukueni huo wa mwisho," akasema,
akalichovya kwenye mlenda, akala.

Tumechukua punda wa serikali.
Ndahani alimaliza Jumanne.
Nyuma ya kabati la vyombo nilimwomba aruke,
pana kama mlango, pasiguswe na brashi.
Hakuuliza. Alinipunguzia elfu tatu.
Pale plasta bado iko kama ilivyokuwa, kavu,
inaacha unga ukiigusa.
Chilongani anasema panya watazalia huko.
Wazalie.