Ufunguo Uko Mfukoni

Ngoja kidogo, Bwana Endeki.
Najua majani yamelala kwenye kitanda cha waya tangu saa nane,
kilo elfu moja na mia mbili kutoka Gisambai na Shamakhokho,
na kwamba yasipopulizwa yatapata joto, yatavimba hasira,
yawe mekundu kabla ya kuonja meno ya mashine.
Najua. Pua yangu pia imesikia.

Lakini Saba analia.
Jana alinong'ona tu:
niliweka ncha ya bisibisi juu ya nyumba ya beringi,
mpini sikioni, nikafumba macho,
nikasikia mchanga ukitafunwa.
Leo hahitaji bisibisi. Hata mpishi wa kantini
ameuliza nani anasaga mahindi usiku huu.

Nimeshusha swichi kubwa ukutani.
Nimetia kufuli langu, si la kampuni, langu,
limeandikwa KADENYI kwa rangi ya kucha,
na ufunguo uko mfukoni, pamoja na pesa za maziwa.
Kisha nimebonyeza kitufe cha kuwasha, kumjaribu.
Kimya.
Hapo ndipo nilipofungua wavu.

Na bado anazunguka, unaona?
Umeme haupo, ila mtu ameacha mlango wa nyuma wazi,
na upepo wa mvua, kutoka upande wa msitu,
unayasukuma mapanga polepole
kama mtoto achezeaye jembe la baba yake.
Usidanganywe na upole huo.
Nimemfunga kamba, nimemzuia kwa gogo la mkaratusi.

Igunza, aliyenifunza kazi, hakuwa na kufuli.
Enzi zake kufuli lilikuwa neno la mdomo: "Usiwashe!"
Neno likapita zamu ya mchana, likapita kwa mlinzi,
lilipomfikia kijana wa swichi
lilikuwa limeangusha "usi" njiani.
Vidole viwili.
Tulivitafuta kwenye majani hadi alfajiri.

Kwa hiyo ngoja.
Naifuta kwanza chuchu ya grisi,
vumbi likiingia nayo nitakuwa nimemlisha mgonjwa changarawe.
Na ni grisi ile ile ya mwezi jana, ya kahawia,
si hiyo ya buluu uliyoletewa kwa bei ya kutupa;
zikikutana mle ndani zitagombana
mpaka zote mbili ziwe maji.
Moja. Mbili. Nageuza shafti kwa mkono.
Tatu.
Basi.
Haba na haba, ndiyo, lakini kibaba hiki kisijae:
beringi iliyovimbiwa hupata homa
sawa na iliyolala njaa.

Nayo grisi hii ni ya kutuliza tu, haifufui.
Agiza beringi mpya. Andika leo, Bwana, mbele yangu,
kalamu hii hapa, samahani kwa mafuta.

Spana tano ziliingia, tano zimetoka.
Kamba. Gogo. Wavu, bolti zote nne,
hata ile ya nyuma ambayo hakuna aionaye.
Chagala, toka huko. Toka kabisa, nikuone miguu.
Sasa kufuli.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo.
Mimi nalipwa kutafuta kile kisicho nao:
hewa tu, ikipanda katikati ya majani,
na majani yakilegea, yakianza kunukia.

*

Jumamosi, soko la Chavakali, nachagua viazi.
Mkono umenishika bega; nimeujua kwa uzito wake,
vidole vitatu.
"Saba anaendeleaje?"
Nikamwambia, analala vizuri siku hizi.
Igunza akacheka, akakohoa, akachukua kiazi changu kimoja.
"Feni halali, binti. Hulala wewe."
Akakigeuzageuza karibu na sikio,
kwa mazoea,
akakirudisha, akanichagulia kingine.