Thumuni

Saa ya darasa la tatu niliinunua mwenyewe
huko Chake, elfu nane baada ya kuombana sana,
nikaitundika juu ya ubao, nikauliza:
mshale mfupi umesimama kwenye saba,
basi ni saa ngapi?
"Saa saba!"
Waliitikia wote, hata bati la paa likacheka.
La, wanangu. Moja.
Jicho lione saba, ulimi utamke moja.

Akainuka Asaa Kombo, ambaye jina lake
limemtesa tangu Jumatatu nilipolianza somo hili.
"Mwalimu, kwani aliyeziandika alikosea?"
Hakukosea. Yeye huanza kuhesabu usiku wa manane,
watu wamelala. Sisi
tunalingoja jua litoke kwanza.
"Basi sisi ndio wenye haki," akasema Asaa, akakaa.
Nilitafuta jibu kwenye mwongozo wa mwalimu. Halimo.

Fedha haikunipa taabu.
Mtoto wa Mtambile humfundishi chenji.
Kachori tatu za mia mia, ubuyu wa mia na hamsini,
umetoa sarafu ya mia tano,
chaki haijaachana na ubao, Mkasi keshajibu:
"Hamsini. Na Bi Time atasema hana,
atakupa pipi."

Sehemu ndizo zilizonitoa jasho.
Kitabu kimechora keki ya duara, imepambwa maua.
"Ya harusi ya nani?" wakauliza.
Nikafuta. Nikaazima pishi kwa jirani,
tukatoka uani tukapima mchanga:
kibaba ni robo, kisaga ni nusu,
vibaba vinne, pishi imejaa, ifute kwa kiganja.
Hapo tukaelewana,
maana msimu huu kila kiganja kinanuka karafuu
na nusu ya darasa haipo, imo juu ya matawi.
Nusu kamili: arubaini na wanne daftarini,
ishirini na wawili mbele yangu.
Na wale wasiokuja, huko waliko,
wanaifanya hesabu yangu pishi kwa pishi
na wanalipwa.

Jana nikaja na boflo.
Nikalikata vipande vinane, si sawa sana, Mungu anisamehe,
nikainua kimoja: hiki tukiiteje?
Nilikuwa nangoja "moja ya nane."
Kimya.
Kisha Mize binti Shaame, wa dawati la nyuma,
ambaye tangu Mfunguo Tatu sijaisikia sauti yake:
"Thumuni."
Nani kakufundisha?
"Ni ya mama."

Akasimama bila kuambiwa.
"Mikarafuu arubaini na minane, mwalimu.
Walikuja watu na daftari.
Mama sita.
Faki kumi na minne, Hamad kumi na minne.
Bikombo saba.
Mimi saba."
Hakushika kidole hata kimoja.
Aliijua kama mtu ajuavyo meno yake kwa ulimi.

Nikaandika saba, nikapiga mstari,
chini yake arubaini na nane.
Mkono ulinicheza kidogo kwenye ile nane.
Wenzake wakanakili, hata Asaa,
ambaye hanakili kitu asichokishitaki kwanza.
Mize aliutazama mstari ule muda mrefu.
"Mmoja katika yangu umekauka," akasema.
"Nipunguze juu, au nipunguze chini?"

Miaka kumi na tisa nimeshika chaki.
Juu, nikasema. Kisha nikasema, ngoja.

Mishale miwili ikapandana pale kwenye kumi na mbili.
"Saa sita!" wakapiga kelele, safari hii bila kukosea,
wakatoka na vipande saba,
wakagawana huko nje kwa kanuni wanayoijua wenyewe.
Cha nane kilikuwa bado mkononi mwangu.
Nikampa Mize.
Hakukila. Alikitia kwenye pembe ya mtandio,
akapiga fundo.