Ukurasa wa Kumi na Moja

Kazi yangu ni kutafuta neno.
Wenzangu wana darubini, wana glavu,
wana tangi linalofuka moshi wa baridi likifunguliwa;
mimi nina kalamu, kamusi mbili zilizochanika mgongo,
na feni ya Upanga inayozunguka ikinung'unika.

Fomu ya ridhaa, kurasa kumi na tisa,
imetoka ng'ambo imevaa suti.
Niivue, niivishe kanga,
isomeke wodini na mtu aliyekesha na uchungu.
Seli mama, niliandika. Nikafuta:
mama gani huyu,
anayeweza kuzaa chembe nyekundu, chembe nyeupe, chembe sahani,
na bado hajaamua?
Seli shina, basi.
Shina angalau tunajua lina mizizi mahali.

Ukurasa wa kumi na moja, Sikudhani Pazi akanisimamisha.
Wa Kigogo. Mtoto wa kwanza alimzika ana miaka minne,
selimundu.
Wa pili, Kondo, ana miaka sita na macho ya manjano.
Wa tatu yumo tumboni, anakuja na damu ya kitovu
ambayo huenda ikamfaa kaka yake.
Huenda, nilisema. Nikalirudia,
maana katika fomu nzima sikuona neno la kweli kulishinda.

"Hiyo damu itakaa wapi?"
Nyingine hapa, nikasema. Nyingine itapanda ndege, ikachunguzwe.
"Kitovu cha mwanangu kikipanda ndege,
atasema kwao ni wapi?"

Sikumjibu. Nililiandika swali vilevile
kwenye muhtasari wa kikao, kipengele cha saba,
kati ya nauli za wajumbe na mengineyo.

Watu husema kamati yetu ni konokono.
Sibishi. Lakini namjua fundi Matimbwa wa Mbagala,
aliyeuza kiwanja akampandisha binti yake
ghorofa ya tatu, mtaa fulani Kariakoo,
ambako chupa haina lebo
na mchoma sindano hana jina ila namba ya simu.
Seli za Ulaya, waliambiwa. Zinatibu kila kitu.
Jipu la mgongoni lilikaa miezi mitano.
Namba ile haipatikani.

Jumatano tukakutana kwenye skrini:
nchi nne, saa zisizopatana,
mmoja na kahawa ya asubuhi, mwingine giza dirishani.
Sheria ya kwao inasema wahifadhi bila kikomo.
Mwongozo wetu unataka miaka, na unaihesabu.
Dokta Lwitiko akasoma swali la Sikudhani, taratibu,
kama mtu anayebeba maji kwa viganja.
Kimya. Kisha mwanasheria, kwa adabu:
hili neno mlilotia kwenye kifungu cha nane, "amana",
linaongeza nini?

Nikawasha kipaza sauti, mimi mfasiri, nisiyeombwa.
Bidhaa ina bei, nikasema. Mkopo una riba.
Zawadi ukishaitoa huiulizi tena.
Amana hulala kwako, lakini si yako.
Mwenyewe akija, hata usiku, unamwonyesha ilipo.
Akasema ataliwasilisha kwa wakuu wake.
Au alisema jingine; sauti ilikuwa inakatika.

Sikudhani alijifungua Ijumaa alfajiri,
hospitali ya Amana, Ilala. Sikupanga mimi.
Mtoto wa kike, kilo tatu kasorobo.
Damu ikachukuliwa, ikapewa namba, ikashushwa tangini,
nyuzi mia na tisini na sita chini ya sifuri,
katika mji ambao Februari hata kuta zinatoka jasho.

Wamesaini wawili kati ya wanne.

Siku ya saba kikonyo kilichokauka kikadondoka.
Mama akakifunga kwenye pindo la kanga,
akaenda nacho Kisarawe,
akakizika penye mnazi wa bibi yake.
Hicho kimefika kwao.

Kingine kinasubiri.
Nami nimerudi ukurasa wa kumi na moja,
kuna koma moja pale
siiamini.