Hesabu ya Vilima

Bei ni dola mia nane na arobaini.
Zihindula ameiandika kwa chaki kwenye tairi la mbele,
kila asubuhi anaifuta na kuiandika tena ileile,
kama mtu anayeogopa kuisahau.

Mimi ni fundi wa cherehani. Naenda kwa wateja,
si wao wanaokuja kwangu: nani atabeba
chuma cha kilo kumi na mbili kutoka Cimpunda
ili nimwambie sindano imepinda?
Basi naenda mimi, na sanduku, na mafuta, na mikanda,
na goti la kushoto linalolia kama bawaba.

Nyuma ya kalenda ya mwaka jana
Nsimire na mimi tumepiga hesabu kwa wino wa buluu.
Pikipiki mara nne kwa siku, franka elfu nane.
Siku ishirini na tano, laki mbili.
Laki mbili ni dola sabini, ukibadilisha kwa mtu asiyepunja.
Miezi kumi na miwili, baiskeli imejilipa.
"Kwenye karatasi," anasema Nsimire.
"Karatasi haina matope."

Na umeme je? Kwetu Buholo umeme ni mgeni wa usiku,
huingia saa saba bila hodi
na kuondoka kabla hujamvutia kiti.
Nitaamka nimnyonyeshe betri gizani,
mzee wa miaka hamsini na mmoja mwenye mtoto mchanga?

Shemeji Mugaruka ana maneno ya kutosha wawili:
"Ikizima katikati ya mlima
utasukuma kilo ishirini na nane. Betri utakuwa wewe.
Na askari wa barabarani, utamwambia nini?
Ukisema baiskeli, atakuonyesha mota.
Ukisema pikipiki, atakuonyesha pedali.
Vyovyote vile, utatoa."

Jumanne Zihindula aliniambia, "Panda.
Ukiiangusha, umeinunua."
Nikatoka Nyawera nikiwa nimebana meno.
Mlimani nikakanyaga mara moja tu,
na kitu kikanisukuma mgongoni, taratibu,
kama kiganja cha mama siku ya kwanza ya shule.
Wauza ndizi walinitazama nikipita
bila jasho, bila kelele, nimekaa wima kama padri.
Mlima ulibaki mlima.
Ila uliacha kunidai.

Usiku ule sikuhesabu dola.
Nilihesabu vilima nilivyokataa.

Mama Cibalonza wa Bagira alinipigia mara tatu
msimu wa mvua, sare za shule zimelala mezani
mikono upande huu, mabega upande ule.
Nikamwambia kesho, goti.
Kesho ikafika, nikamwambia goti.
Mara ya nne hakupiga.
Mashine aliiuza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma.
Nilikuja kuiona Nyamugo, imelala ubavu juu ya mzani,
nikaigeuza gurudumu kwa kidole, kwa mazoea.
Ilitaka bobini. Bobini ya dola mbili.

Hiyo haimo kwenye kalenda.
Sikumwambia Nsimire niiandike wapi.

Asubuhi akamwaga kopo la sabuni kitandani:
mia nne na kumi, nyingine zimechanika pembeni,
zile ambazo hakuna duka litakalozipokea.
Sijui kama inafaa. Namwambia hivyo hivyo, sijui.
Naye anapanga noti, kubwa chini, ndogo juu,
anasema bila kuniangalia:
"Kwanza muulize waya wa chaji una urefu gani.
Soketi yetu iko nyuma ya kitanda."

Nimepima kwa utepe wa ushonaji
kutoka soketi mpaka mlangoni:
mita mbili na sentimita arobaini.
Nimefunga fundo pale, utepe umo mfukoni,
nateremka kwa Zihindula kwa miguu,
goti linasema lake, kila hatua.