Mvua ya Barabara ya Kumi na Tisa

Mvua mnayoiona kwenye ile video ni mimi.
Nilipanda bati la Barabara ya Kumi na Tisa, Ngamiani,
na mpira wa maji wa kuazima,
nikaubana mdomo kwa kidole gumba,
kwa maana Shekue alitaka matone ya huzuni,
"siyo ya kuogea."

Saa saba mchana, jua linanichoma kisogo.
Dirishani Kidawa analia kwa gliserini,
jicho la kushoto tu; la kulia limeachiwa kivuli.
Vikombe viwili mezani, kimoja kifudifudi.
Rangi ya samawati itatiwa baadaye, kwenye kompyuta,
ukuta wa chokaa uingie baridi.
Na mwanamume anaondoka na baiskeli,
taratibu, taratibu zaidi, "rudia!"
mpaka nikacheka peke yangu huko juu:
anayekuacha kweli hukanyaga pedali.

Chumba ni cha Bi Mgeni. Elfu thelathini na soda za wote.
Ukutani kwake palikuwa na mraba mweupe
katikati ya chokaa iliyokula moshi wa miaka,
na msumari.
"Hapa palikuwa na nini?"
"Picha."
Shekue akachungulia kwenye kamera, akatikisa kichwa.
"Haionekani. Haisemi kitu.
Leteni picha ya Kidawa na jamaa, ichaneni kati,
itundikeni."
Ikatundikwa. Msumari ule ule.

Aliye juu mngoje chini, sawa,
lakini wa juu huona mpaka uani.
Bi Mgeni alikuwa anapima mchele wa mchana.
Kopo la kwanza. Kopo la pili.
Akasimama nalo,
akalirudisha guniani,
akapangusa mkono kwenye kanga kama aliyegusa mafuta.
Hakuna aliyesema "kata".
Mimi nikasahau kidole, mvua ikawa bomba,
nikatukanwa.

Video imetoka. Nimeiona Chumbageni, kwa kinyozi,
ndani ya kioo, kushoto kumekuwa kulia,
Kidawa analia jicho lisilo lake.
Kinyozi akaisifu mvua; sikujitaja.
Kisha picha iliyochanwa, imekaa upande kidogo,
na pembeni yake, upana wa kidole,
ukingo wa ule mraba:
mweupe, haukushika samawati.

Nikageuka kuiangalia runinga yenyewe.
"Kichwa wima, bwana," akasema,
wembe uko shingoni.