Spana Namba Kumi

Mwezi wa saba, Gyumri. Mawe meusi ya kuta yanachoma kiganja,
na Lada yetu inakohoa mlimani kama mvuta tumbaku.
Gia ya pili, haipandi.
Ya kwanza, inapanda kwa kununa.
Nyuma yangu lori la matikiti linapiga honi,
nami namjibu kwenye kioo: subiri, baba, humu mna mgonjwa.

Hovsep wa gereji hakuinua hata boneti.
"Uza, Satenik. Vyuma chakavu vina bei mwezi huu."
Akanitajia bei.
Nikamtajia mama yake.

Basi leo nimevaa shati lako, Vardges,
lile la mistari, lililobaki na kifungo kimoja,
nikaitoa spana namba kumi kwenye droo ya vijiko.
Mfuniko wa kichungi unataka nati tatu. Nimekuta mbili.
Ya tatu ni waya, umeusokota mara nne
kama mtu anayefunga kiroba cha vitunguu.
Uliniambia umenunua mpya.
Uliniambia mengi.

Ndani, kichungi: mikunjo ya karatasi imeshikana
kama kitabu kilichonyeshewa.
Vumbi la barabara ya Artik, bawa la nyuki,
pamba ya mipopla, na upande mmoja oili imelowesha.
Nimekigonga kwenye ngazi, likatoka wingu.
Nikagonga tena, wingu.
Mara ya kumi bado wingu, na Arpik wa ghorofa ya pili
akafunga dirisha kwa kishindo.
Kugonga si kutibu. Nimenunua kingine
kwa pesa ya jibini.

Halafu ule mluzi.
Nilikata nusu mita ya mpira wa bustani,
ncha moja sikioni, ya pili nikaitembeza juu ya injini inayonguruma,
daktari asiye na cheti.
Huku kimya.
Huku kimya.
Hapa, sss,
mpira wa breki umepasuka upande wa chini, macho hayafiki,
unaiba hewa ambayo haijachujwa.
Wewe ungeuviringishia tambara na gundi.
"Kwa muda tu," ungesema,
na muda wako ulikuwa na miaka tisa.
Nimekata vidole viwili vya ule ubovu,
nikarudisha mpira mahali pake, nikaukaza kwa kibanio.

Ni wakati wa kufunika ndipo nilipoona.
Mfuniko una alama mbili.
Bluu: gari livute hewa ya nje, ya joto la Juni.
Nyekundu: livute hewa iliyopitia kando ya bomba la moshi,
yenye moto, kabureta isigande.
Kila Novemba ulitoka na taa ukaugeuza.
Kila Aprili ukaurudisha.
Hukunifundisha. Niliona mgongo wako tu,
kutoka dirisha la jikoni, mikono yangu kwenye unga.

Alama iko kwenye nyekundu.

Uliigeuza Novemba. Januari tukakuzika;
wachimbaji waliwasha moto kwanza, ardhi ilikuwa chuma.
Aprili hakutoka mtu.
Miezi yote hii gari linajikinga
na theluji iliyokwisha kuyeyuka.
Silicheki. Hata mimi
bado nalala na blanketi mbili.

Kuugeuza si kazi: upana wa kiganja,
kifuniko cha mtungi wa achari kina ukaidi zaidi.
Kwenye ukingo pana alama ya kidole chako, nyeusi, ya grisi.
Nimepangusa kila mahali, hapo nimepita kando.
Nati ya tatu nimeing'oa kitandani,
upande wako.
Kinanesa kidogo. Kitavumilia.

Jioni nimepanda mlima kwa gia ya pili,
kisha, karibu na kanisa, ya tatu.
Mbele ya gereji ya Hovsep nimepiga honi,
moja, ndefu,
bila sababu.

Na kwenye kalenda ya jikoni,
chini ya Novemba, nimeandika kwa kalamu ya risasi:
nyekundu.